Cheti cha mawese Kyela: anzeni na daftari

Ukishuka kutoka Tukuyu kuelekea Kasumulu, chai na migomba vinabaki nyuma, joto linapanda, na kabla hujafika Kyela mjini michikichi imeshajipanga pande zote za barabara. Mingi ni ya mababu, aina ya dura, yaani ya asili yenye ganda nene la kokwa, imesimama katikati ya kakao na migomba, mingine mirefu hivi kwamba mkwezi hapandi bila kamba. Mafuta yake tunayakamua wenyewe nyumbani au kwenye mashine ya jirani, kisha madumu yanapakiwa kwenda Mbeya.

Siku hizi katika mikutano yetu swali linarudi: je, mawese nayo yana cheti kama kakao? Yanacho. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima. Tulianza kujifunza mambo ya vyeti kupitia kakao, na mengi tuliyajua baada ya kukosea. Haya nimeyaandika kwa ajili ya kikundi kinachoanza leo, ili msipoteze miaka tuliyoipoteza sisi.

Mnatafuta nini hasa?

Cheti kinachojulikana zaidi duniani kwa upande wa mawese ni cha RSPO (kwa Kiingereza Roundtable on Sustainable Palm Oil, yaani meza ya pamoja ya mawese endelevu), umoja ulioanzishwa mwaka 2004 unaowakutanisha wakulima, wenye viwanda, wafanyabiashara, benki na mashirika ya mazingira. Ofisi zake kuu zipo Kuala Lumpur, Malaysia. Ulizaliwa kwa sababu ya mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia, ambako misitu ilifyekwa kupisha michikichi, na masharti yake ya mwanzo yaliandikwa kwa kumfikiria mwenye kampuni. Mkulima wa ekari mbili alikuwa hayawezi. Novemba 2019 kikapitishwa kiwango cha peke yake kwa wakulima wadogo wanaojitegemea, na mwaka 2024 kikafanyiwa marekebisho. Kwa hiyo mkiomba nakala, ombeni toleo la sasa, msije mkajifunza karatasi iliyopitwa.

Mkulima anayejitegemea ni yule ambaye hajafungwa na kiwanda kimoja kwa mkataba au mkopo, anayeamua mwenyewe alime nini na amuuzie nani. Kiwango kinaweka ukomo wa hekta 50 za michikichi. Sisi wa ekari moja, mbili, tatu tumo ndani bila wasiwasi.

Masharti yamegawanyika katika nguzo nne: kulima kwa tija, kufuata sheria na haki za ardhi, kuheshimu haki za watu wakiwemo wafanyakazi, na kulinda mazingira. Ukiyasoma kwa utulivu utaona mengi wazee walikuwa wakiyafanya. Kinachotuangusha ni kwamba hatuandiki.

Kuhusu pesa nitasema wazi, maana hapa ndipo vikundi vingi hudanganywa. Mnunuzi wa masoko ya Mbeya, Mwanjelwa au Soweto, hatakuuliza cheti. Atatazama rangi, atanusa, atapima kama umeacha maji ndani ya dumu, basi. Ukimwambia mawese yako ni endelevu hataongeza hata shilingi. Faida ya cheti kwa mkulima mdogo inakuja kwa njia nyingine inayoitwa krediti. Kikundi kikishatambuliwa, mawese yatokanayo na mashamba ya wanachama yanahesabiwa, na kila tani moja inakuwa krediti moja. Kampuni ya nje inayotaka kuunga mkono kilimo safi inazinunua krediti hizo kwa mtandao. Mafuta yenyewe hayasafiri kwenda popote: yanabaki hapa, yanauzwa Mbeya kama kawaida, na kikundi kinapata malipo ya pili kwa sababu ya namna yalivyolimwa.

Tuseme, kwa mfano tu, mna wanachama 80 na kila mmoja ana hekta moja inayotoa tani 4 za mikungu kwa mwaka. Hizo ni tani 320. Tukichukulia kwamba mafuta ni asilimia 20 ya uzito wa mikungu, mnapata tani 64. Kiwango cha 2019 kiligawa cheti katika ngazi tatu: kikundi kilichopita ngazi ya kwanza kiliruhusiwa kuuza krediti za asilimia 40 ya mazao yake, ngazi ya pili asilimia 70, na ngazi ya tatu asilimia 100. Kwa hiyo mwanzoni mngekuwa na krediti 25 hivi za kuuza, si 64. Bei haijapangwa na mtu. Ni makubaliano kati yenu na mnunuzi. Anayewaambia leo kwamba mwaka kesho kila mwanachama atapata kiasi fulani cha pesa, mwombeni aandike na kutia saini. Hatatia.

Hatua ya kwanza: kikundi

Hakuna mkulima mdogo anayepewa cheti hiki akiwa peke yake. Kinatolewa kwa kikundi chenye usajili wa kisheria. Kama AMCOS yenu ya kakao, yaani chama chenu cha ushirika cha mazao, ipo hai, tumieni hiyo hiyo. Wanachama ni wale wale, mashamba ni yale yale, na usajili chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 mnao tayari. Kuanzisha chama kipya kwa ajili ya mawese peke yake ni kujibebesha vikao viwili na ada mbili.

Kikundi kinamteua msimamizi. Huyu ndiye atakayebeba mzigo wote: orodha ya wanachama, mafunzo, ukaguzi wa ndani, mawasiliano na RSPO. Msichague kwa umaarufu. Mtafuteni anayeandika kila siku na anayeweza kumwambia mjomba wake kwamba shamba lake halijafikia. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye simu nzuri na pikipiki, anaweza kuifaa kazi hii kuliko mwenyekiti mwenye heshima zake.

Halafu kuna jambo linaloniuma. Kwetu wanaochemsha, kutwanga na kukamua mawese kwa sehemu kubwa ni akina mama, lakini shamba linaandikwa kwa jina la baba. Mkiandikisha wenye majina ya ardhi peke yao, malipo ya krediti yatapita mbali na mikono iliyofanya kazi. Andikisheni mume na mke wote wawili kama wanachama wa shamba hilo, na fomu ioneshe majina yote mawili. Fanyeni hivyo siku ya kwanza, maana kubadilisha majina pesa ikishaingia huleta ugomvi.

Kila mwanachama anatia saini tamko la mkulima, karatasi ya ahadi kwamba atafuata masharti. Lisomwe kwa sauti mkutanoni, kwa Kiswahili kisha kwa Kinyakyusa, sharti moja moja, na watu waulize. Mkaguzi akija hatamuuliza katibu tu. Atamkuta bibi shambani kwake na kumuuliza, "Mama, uliahidi nini?" Bibi akikosa jibu, kikundi kizima kimeulizwa kikakosa jibu.

Hatua ya pili: ardhi na ramani

Si lazima kila mtu awe na hati ya hakimiliki ya kimila siku ya kwanza, ingawa aliye nayo amejirahisishia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua umiliki wa kimila, na kinachotakiwa ni kuonesha kwamba shamba ni lako au una haki ya kulitumia. Barua ya serikali ya kijiji yenye saini za majirani wa mipaka yote ni mwanzo mzuri. Kwa shamba la ukoo, wanaukoo waandike nani analitumia na kwa ridhaa ya nani. Kwa shamba la kukodi, kuwe na karatasi ya makubaliano na mwenye ardhi.

Shamba lenye kesi liacheni nje kwanza. Lipelekeni baraza la kijiji, limalizwe, ndipo mwenyewe aingie. Kikundi kikimwonea haya mtu mmoja mwenye mgogoro, kinaweza kukwama chote kwa ajili yake.

Kupima mashamba siku hizi hakuhitaji mpima wa kulipwa kila mara. Simu yenye GPS inatosha kwa kazi hii: unatembea mpaka hadi mpaka na programu inachora. Michikichi yetu imetawanyika ndani ya kakao, kwa hiyo pamoja na mchoro hesabuni miche na miti. Shamba lililopandwa kwa mistari ya mita 9 kwa mpangilio wa pembetatu lina miti kama 143 kwa hekta, yaani 58 hivi kwa ekari. La kwenu likiwa na miti 20 kwa ekari, andikeni 20. Hesabu ya uongo hugundulika pale mauzo yanapozidi uwezo wa miti.

Kazi hii ya ramani inalipa mara mbili kwa mtu wa Kyela, ndiyo maana naikazia. Umoja wa Ulaya umetunga sheria mwaka 2023 inayotaka mazao saba, kakao na mawese yakiwemo, yaoneshe yametoka shamba lipi, na kwamba shamba hilo halikukatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kwa shamba lisilozidi hekta 4 nukta moja ya GPS inatosha. Zaidi ya hapo mipaka yote ichorwe. Kakao yetu inakwenda huko. Ukishapima shamba lenye kakao na michikichi pamoja, vipimo hivyo vinatumika kwa mazao yote mawili.

Mito yetu

Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe zinateremka kutoka milimani na kumwaga Ziwa Nyasa, na kila masika tunajua zinavyoweza kutoka nje ya kingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za binadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Wengi tuna michikichi ndani ya mita hizo, iliyopandwa na babu kabla sheria haijaandikwa.

Msikimbilie kung'oa. Mchikichi mkubwa ukingoni unashika udongo, na kuung'oa ni kuualika mto uingie. Kinachofaa ni kusimamisha kulima na kupuliza dawa katika ukanda huo, kuacha majani yaote, kupanda matete au mianzi penye mmomonyoko, na kutoongeza mche hata mmoja mpya. Muiteni afisa mazingira wa wilaya aone, na mwandike alichoshauri. Ramani yenu ioneshe ukanda huo kwa rangi tofauti.

Kwa mashamba mapya, sharti ni gumu zaidi. Msitu uliokatwa baada ya Novemba 2019 kupisha michikichi hauingii kwenye cheti. Mwenye nia ya kupanda upya atumie shamba lake la zamani, au eneo lililokwisha kulimwa, asipande kwenye miteremko ya Milima ya Livingstone yenye miti ya asili. Na usafishaji wa shamba usiwe wa moto. Moto tumeuzoea, najua. Makuti na majani yaliyofyekwa yapangwe katikati ya mistari yaoze; ndiyo mbolea ya bure tunayoichoma kila mwaka.

Daftari

Nikiulizwa cheti kinaanzia wapi, jibu langu ni daftari la kaunta la kurasa 96 kwa kila mwanachama.

Liwe na mambo machache ambayo mtu anaweza kuyaandika akiwa amechoka jioni: tarehe, alichofanya shambani, mikungu aliyoangua na uzito wake, aliyemsaidia na malipo yake, dawa au mbolea aliyotumia na kiasi, aliyenunua na bei. Asiyejua kuandika amwombe mtoto anayesoma. Hesabu hiyo haimdhuru mtoto, na mzazi anapata rekodi.

Pale kwenye uzito ndipo tunapokwama. Kwetu tunahesabu mikungu kwa idadi au mafuta kwa dumu, na mikungu haifanani. Nunueni mizani moja ya kuning'iniza kwa kila kitongoji, muitundike mahali pa wazi, na kila anayeangua apitie pale. Baada ya msimu mmoja mtajua mambo ambayo hamkuwahi kuyajua. Mzee mmoja jirani yetu aliamini siku zote kwamba miti yake mirefu ndiyo inayozaa. Mizani ilipoingia, akaona miti minane mifupi ya tenera, aina chotara, nyuma ya nyumba inamzidishia mikungu kuliko thelathini ya zamani, na mafuta yake ni mengi kwa sababu ganda la kokwa lake ni jembamba na nyama yake ni nene. Hakuna mhadhara ungemshawishi kama zile kilo.

Hapo hapo watu watataka kupanda tenera. Vizuri, lakini msiokote mbegu chini ya mti wa jirani. Tenera ni mchanganyiko wa dura na pisifera, aina isiyo na ganda la kokwa. Mbegu zake zikiota zenyewe, nyingine hurudi dura, nyingine hutoka pisifera ambayo kwa kawaida haizai mikungu ya maana, na utajua umekosea baada ya miaka mitatu au minne ya kusubiri. Chukueni miche inayotoka kwa watafiti. Kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Kihinga, Kigoma, ndicho kinachoshughulikia michikichi, na afisa ugani wenu ataonesha njia ya kupata miche.

Andikeni pia muda kati ya kuangua na kuchemsha. Mkungu ulioiva ni ule unaodondosha tunda chini ya mti. Ukiuacha siku tatu nne pembeni ya nyumba baada ya kuuangua, asidi inapanda na mafuta yanapoteza ubora. Kamueni ndani ya saa 24 hadi 48. Hili halihitaji cheti. Hata mnunuzi wa Soweto atalihisi mdomoni.

Dawa na vyombo vyake

Ukaguzi wa kwanza wa kakao tuliopata, mkaguzi aliingia stoo ya mmoja wetu, mtu safi na mchapakazi, akakuta dumu la lita tano lililowahi kuwa la dawa ya magugu limejaa mawese ya kula. Lilikuwa limeoshwa kwa sabuni, likang'aa. Yule ndugu hakuelewa kosa ni nini. Familia yake ilikuwa inapikia mafuta yale, watoto wanakula. Tulikaa kimya wote, kwa sababu kila mmoja aliwaza dumu lililopo nyumbani kwake.

Tangu siku hiyo kikundi chetu kina utaratibu, na nauomba uwe wa kwenu pia. Chombo cha dawa kikiisha kinasuuzwa mara tatu, maji ya kusuuzia yanarudishwa kwenye bomba la kupulizia, kisha chombo kinatobolewa chini ili kisishike kitu tena. Vinakusanywa mahali pamoja penye kufuli. Havichomwi, havitupwi mtoni, havipewi mtoto achezee.

Dawa zenyewe ziwe zilizosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, zenye lebo inayosomeka. Kiwango cha RSPO kinakataza dawa kali zaidi katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, na kinakataza parakwati, dawa ya magugu yenye sumu kali. Mama mjamzito na anayenyonyesha asipulize. Na kwa uzoefu wangu, mwenye michikichi ndani ya kakao hahitaji dawa ya magugu mara nyingi. Afyeke duara la kuingilia chini ya mti ili aokote matunda, sehemu nyingine aache majani mafupi yafunike udongo.

Watu wanaofanya kazi

Mtoto kumsaidia mzazi wake kuokota matunda baada ya shule hakuna anayekataza. Kumkosesha shule siku ya kuangua, kumbebesha mikungu mizito, kumpa bomba la dawa au kumpandisha mtini, hilo linakatazwa na kiwango na sheria zetu pia: ajira ni kuanzia miaka 14 kwa kazi nyepesi, na kazi ya hatari ni miaka 18 kuendelea.

Mkwezi mnamfahamu. Analipwa kwa mti au kwa mkungu, na akianguka, mwenye shamba mara nyingi anasema hakumwajiri. Andikeni makubaliano naye, hata nusu ukurasa: malipo kiasi gani, siku gani, kamba ni ya nani na inakaguliwa na nani, na akiumia gari la kumpeleka hospitali linalipwa na nani. Malipo yake kwa siku yasishuke chini ya kima cha chini cha serikali. Mkaguzi ataongea naye peke yake, pembeni, na hivyo ndivyo inavyopaswa.

Ukaguzi wa ndani, kisha wa nje

Kabla ya kumwita mtu wa nje, jikagueni. Kila shamba litembelewe na mkaguzi wa ndani kutoka kitongoji kingine, mwenye fomu, na makosa yaandikwe pamoja na tarehe ya kurekebishwa. Fomu isiyo na kosa hata moja katika mashamba 80 haitaaminiwa.

Mkaguzi wa nje anatoka taasisi iliyoidhinishwa na ASI, chombo kinachosimamia wakaguzi wa RSPO. Haendi kila shamba. Anachagua baadhi, hamwelezwi mapema ni yapi, na hayo yanawawakilisha wote. Chini ya kiwango cha 2019, kutoka ngazi ya kwanza ya cheti hadi ya pili kikundi kilikuwa na hadi miaka miwili, na kutoka ya pili hadi ya tatu mwaka mmoja. Kuna muda wa kutosha kwa kikundi kinachoandika. Kwa kisichoandika hata miaka kumi haitoshi. Cheti kikipatikana ukaguzi hurudi tena, kwa hiyo madaftari yasifungwe.

Gharama ya kumleta mkaguzi ni kubwa kuliko mfuko wa kikundi kichanga. RSPO wana Mfuko wa Kusaidia Wakulima Wadogo unaochangia mafunzo na ukaguzi. Ombeni mapema, mkiwa na orodha ya wanachama, ramani na muhtasari wa mkutano mkononi. Mwekezaji au mnunuzi akijitolea kuwalipia, someni kwanza kama cheti kitakuwa kwa jina la kikundi au la kwake. Kikiwa kwa jina lake, siku akiondoka anaondoka nacho.

Pesa ya krediti ikiingia

Kubalianeni juu ya mgawo kabla haijaingia, na muhtasari ubandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Sisi kwa kakao tunatenga kwanza ukaguzi wa mwaka unaofuata, kisha vifaa vya pamoja kama mizani, glavu na kamba, na kinachobaki kinagawanywa kwa kilo zilizoandikwa kwenye daftari la kila mtu, mume na mke wakisaini pamoja. Mhasibu anasoma jina na kiasi kwa sauti mbele ya mkutano, mmoja mmoja mpaka wa mwisho, na asiyekubaliana anasimama hapo hapo na daftari lake.